Kikwembe cha Kilio Mlangoni

Jumatano, Majengo. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na moyo wangu umechafuka kwa jambo nililolifanya mwenyewe.

Mwaka wa pili huu naokota vipande vya nguo kwa washonaji wa mtaani. Zamani walivichoma au kuvitupa mtaroni. Mimi navisuka kuwa mazulia madogo ya kupangusia miguu mlangoni. Watu wananisifu eti nasafisha mji, na sifa nazipenda, nisidanganye.

Jana alikuja jirani yangu, Mama Furaha, kuomba chumvi. Akavua kandambili zenye tope, akainua mguu apanguse, mguu ukabaki hewani.

"Mama Aline, hii ni kikwembe ya kilio ya bwana yangu. Sasa batu banaikanyanga?"

Nikajibu haraka kwamba mshonaji alinipa gunia zima, sikuangalia.

Niliangalia.

Nilikijua kile kitambaa siku ileile nilipofungua gunia: buluu iliyoiva, ndege weupe. Mwaka jana tulipomzika Papa Furaha, ukoo mzima na sisi majirani tulishona sare ya kilio chake kwa kitenge hicho. Vipande vilivyobaki kwa mshonaji ndivyo vilivyonifikia. Nilisita kidogo, kisha nikaona buluu ile itapendeza kando ya manjano, nikaendelea kusuka.

Yalitoka mazulia manne. Moja nililiweka mlangoni kwangu, moja likanunuliwa na duka la dawa hapo barabarani, mawili yalikwenda mtaa wa Katoyi kwa watu nisiowajua. Leo nimelifuata lile la duka la dawa, nikawapa jipya. Nimelifua mara tatu na maji bado yanatoka meusi.

Mama Furaha hakunigombeza. Aliliruka zulia taratibu, akapokea chumvi, akatokea mlango wa nyuma. Laiti angenitukana! Ningelala.

Jioni hii nimefungua sanduku langu. Sare yangu ya kilio imo, imekunjwa vizuri, na kipande cha sabuni katikati. Kutwa nahubiria watu kwamba nguo isiyovaliwa ikatwe, itumike tena. Hii yangu sijawahi hata kuisogezea mkasi.

Naona aibu.

Kesho nitayafumua haya mawili niliyo nayo, fundo kwa fundo, nimpelekee vipande vyake vikiwa safi. Akiuliza vingine viko wapi, nitamwambia vinakanyagwa Katoyi. Halafu nitamwambia, kabla sijapoteza ujasiri, kwamba niliangalia.