Filimbi ya Shemeji

Alhamisi, 26 Februari

Nimechoka. Lifti ya lile jengo la madaktari wa meno imegoma tena, na fundi lifti hapandi lifti mbovu — anapanda ngazi. Nimepanda na mkoba wa spana mpaka chumba cha mota kule juu, nikakumbuka tochi iko garini, nikashuka, nikapanda upya. Yule dada wa mapokezi akanicheka: si ndiyo mazoezi hayo, wewe mtu wa baiskeli? Nikacheka naye. Moyoni sikucheka.

Mbio za kufungua msimu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Klabu yetu ni ya watu wazima wenye kazi zao, hakuna anayelipwa hata senti, ila siku ya mbio utadhani tunagombea ufalme. Mizunguko ishirini na tano kwenye barabara za maghala, kona nne, na upepo usiokosa kazi. Mwaka huu sitafuti ushindi. Naitetea baiskeli yangu tu.

Maana tumeshapatana na mke wangu. Mwaka jana, mbio hizihizi, nilianguka nikavunjika mtulinga, ule mfupa wa bega. Yeye ndiye aliyenivalisha, akanifunga vifungo vya shati, akanikatia nyama kwenye sahani kama mtoto. Hakunung'unika hata siku moja. Mwezi uliopita ndipo akasema: haya, kimbia mara moja. Ukimaliza na wenzako, mwaka mzima sitakuuliza neno. Ukitolewa njiani, baiskeli inatoka humu ndani na habari yake imekwisha. Tukapeana mkono juu ya meza, kaka yake akiwa shahidi.

Na kutolewa ni rahisi mno. Wa mbele wakikuzidi mzunguko mzima, wakakufikia mgongoni, msimamizi anakupulizia filimbi. Unalegeza mguu, unakaa pembeni. Hakuna kubishana.

Jumapili, 1 Machi

Mazoezi na shemeji, huyo kaka wa mke wangu. Ni mwalimu wa hesabu, wanafunzi wanamwita Rula. Hamwongezei mtu hata nusu alama. Aliwahi kumfelisha binti wa mkuu wake wa shule, na wote watatu bado wanasalimiana! Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye klabu. Mwaka huu goti linamsumbua, hashindani. Wamempa kusimamia kona ya nyuma, na atakuja na filimbi yake ya shuleni.

Mgonjwa wa goti akawa ananingojea juu ya kila mlima. Aibu gani hii! Kasimama, mguu mmoja chini, anakunywa maji. Akaniambia nina miguu ya ngazi, sina miguu ya baiskeli. Kisha akaacha utani: shemeji, nikikuona umezidiwa mzunguko nitakupulizia, usije ukanitazama kishemeji. Nikamwambia puliza, nani kakuzuia.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Sikutoka. Nimelala na nguo za kazi, nimeamka na alama ya zipu shavuni.

Alhamisi, 5 Machi

Niandike, maana hapa hanisomi mtu. Kuna upande wangu unaotaka kutolewa. Basi, nimesema. Nimechoka kuamka watu wamelala, nimechoka na soksi mbichi, na bega linalotabiri mvua kuliko redio. Siwezi kuacha mwenyewe, nitaonekana nimeogopa. Lakini mtu mwingine akinipulizia — nani atanilaumu? Nitasema nilijitahidi, ikashindikana, tule.

Halafu jioni nimefuta cheni kwa kitambaa, nikaizungusha kwa mkono. Ikaimba vizuri. Nikakaa pale chini muda mrefu kama mjinga.

Baiskeli bado imeegemea kochi sebuleni. Mke wangu anapita kwa ubavu, tumbo ndani. Leo ametundika vitambaa vyake vya mapazia kwenye usukani. Sijui ni matani au ni onyo.

Jumamosi, 7 Machi

Nimerudi mzima. Naandika upesi, mwandiko huu sijui kesho nitausomaje.

Asubuhi mke wangu alinibana namba mgongoni. Mtu anashona mapazia, pini zinakaa mdomoni mwake kutwa. Akabana, akabana, akaongeza. Tulia, anasema, unarukaruka nini kama mbuzi? Nikamuuliza atakaa wapi. Mstarini, akasema, nikuone kila ukipita. Mwaka jana alijifungia garini, hakutaka kuona.

Manyunyu, na upepo wa kukata masikio. Bendera ikashuka, na wenzangu wakaondoka kama wanafukuzwa na nyuki. Mwanzo wa msimu kila mtu anakuapia hajafanya mazoezi. Waongo watupu! Kila baada ya kona wanachomoka, nami naziba mwanya. Kona nyingine, mwanya mwingine. Walio mbele wanapinda polepole na kuendelea na safari yao. Sisi wa mkiani tunashika breki, kisha tunakimbizana upya. Miaka yote nalijua hilo, na bado leo nilijipanga mkiani. Bega lilikuwa linaogopa, nikalisikiliza.

Kufika mzunguko wa tisa, kama si wa kumi, mwanya haukuzibika. Tairi la mbele yangu likasogea kidogo. Likasogea tena. Nikasimama juu ya pedali, nikakanyaga mpaka nikaonja chuma mdomoni. Likaenda zake. Nikabaki na upepo wangu.

Kila nikipita mstarini namwona mke wangu chini ya mwavuli, mkono mdomoni. Hapigi kelele. Afadhali angenitukana.

Kona ya nyuma iko nyuma ya ghala la rangi. Kule hakuna mtazamaji, ni harufu ya rangi tu na Rula ndani ya koti lake la mvua la njano. Nilimsikia akifanya kazi yake. Priii! — katoka mwokaji mikate. Priii! — katoka wakili, akaitupa chupa chini kwa hasira. Priii! — yule bwana wa bima ambaye mtoto wake alizaliwa juzi tu. Hakumtazama mtu mara mbili.

Kisha zamu yangu. Ninaingia kona, nasikia nyuma yangu cheni nyingi kwa pamoja. Kundi lile, limenizidi mzunguko mzima, limekuja kunikamata. Nikamtazama Rula. Ndiyo, nilimtazama kishemeji, Mungu anisamehe. Filimbi iko midomoni. Mashavu yamejaa. Mguu nilishaulegeza — naapa nilishaulegeza, na nilifurahi. Nikajisemea, haya, imekwisha, nikapumzike.

Kimya.

Katazama viatu vyake! Rula! Kundi likanipita kwa upepo wake, mmoja, wawili, wengi, na miguu hii hii ya ngazi, bila kuniuliza, ikaamka ikadandia tairi la mwisho.

Na hapo ndipo pananiuma. Maana nimeendesha vizuri! Ndani ya kundi upepo ukanyamaza, pumzi ikarudi, bega likasahau. Nikapanda katikati. Nikaenda mpaka mbele, nikawakatia upepo wenzangu nusu mzunguko, mtu akanigusa kiuno: safi, fundi! Sijawahi kuendesha vile. Na kila pigo la moyo linaniambia, wewe si wa hapa, wewe wa mzunguko wa nyuma.

Tukapita mstarini, na nani yule anaruka, mwavuli umegeuka ndani nje? Mara ya mwisho kuniona nilikuwa peke yangu, nimeachwa vibaya. Sasa ananiona nimo kundini. Kwa hesabu yake nimewafukuza, nikawakamata! Kawakamata, anapiga kelele, mume wangu kawakamata! Kila mzunguko mpaka mwisho. Katibu wa klabu anasema hajawahi kumsikia mwanamke mwenye mapafu vile.

Mwamuzi wa mstarini anaitegemea kona ya nyuma: asiyepulizwa, bado yumo. Basi nimo. Wenzangu wamekwenda ishirini na tano, mimi ishirini na nne, nimepeana nao mikono. Tunaojua ni wawili. Wa pili alikunja koti lake la njano, akapanda gari, akaondoka bila kuniaga.

Nyumbani jezi haikuvulika. Pini zimepita jezi, zikapita fulana, zikavishona pamoja! Ikabidi nikae kwenye stuli, mke wangu nyuma yangu, anachomoa moja moja. Sauti imemkauka kabisa, kabaki na mnong'ono. Akaninong'oneza shingoni kwamba alikosea. Kwamba alidhani nimekwisha, na kumbe. Nikafungua mdomo. Hakuna uso mbele yangu, hakuna macho, ni ukuta tu — ningepata wapi nafasi nzuri kuliko ile?

Nikasema: polepole, pini inachoma.

Jumapili, 8 Machi

Nimeamshwa na keekee. Keekee yangu mwenyewe! Nimetoka chumbani natembea kama nimetoka kupanda ghorofa zote za mji. Mke wangu yuko juu ya kiti, vumbi la ukuta kwenye nyusi, anatoboa ukuta wa sebule. Ameweka kulabu mbili, na plagi za ukuta sahihi kabisa, nimezivuta hazitikisiki. Hapo palikuwa na picha ya harusi. Picha imehamia juu ya jokofu.

Kanionyesha kwa mikono: itundike. Nimeitundika. Kasogea nyuma, mikono kiunoni, anaitazama kama pazia alilolishona mwenyewe. Sauti bado haijarudi, hata mnong'ono umepungua. Kamwalika kaka yake chakula cha mchana, kwa ujumbe wa simu, na mimi nimejua nikiwa nimeshachelewa kujifanya mgonjwa.

Rula kafika akichechemea. Nimempokea mlangoni, nikamuuliza chinichini kwa nini hakupuliza. Akasema hajui. Alikumbuka yale mapatano ya mezani, kwamba nikitolewa baiskeli inatoka, na pumzi ikagoma. Anasema usiku kucha hakulala. Wale watatu aliwatoa kwa haki, na bwana wa bima atamtazamaje? Anasema jana alijionea huruma yeye mwenyewe, si mimi: hakutaka iwe filimbi yake itakayoitoa baiskeli yangu nyumbani. Halafu akanishika mkono: shemeji, sitakwenda kumwambia. Ila akiniuliza, yule ni dada yangu, sitamdanganya.

Nimemwambia nipe mpaka tumalize kula.

Tumekula. Sikumbuki nini. Mke wangu kampakulia kaka yake mara mbili, kila saa anageuka kuitazama ile baiskeli ukutani. Rula anatafuna kichwa chini. Mimi nasifia kulabu.

Nimeinuka, nimesema shati limeingia mchuzi. Halikuingia mchuzi. Niko chumbani, nimekaa ukingoni mwa kitanda, naandika juu ya goti. Nafikiria vizuri sasa. Nikisema, ile baiskeli inashuka leo hii, na nitalala asubuhi kama watu wote, na miguu itapona. Ndicho nilichokitaka Alhamisi, kiko hapo juu kwa mkono wangu. Nisiposema, msimu mzima, mvua yote ile, na yeye mstarini na mwavuli wake. Na ninautaka! Nautaka msimu wote, na soksi mbichi zake. Nimegundua lini? Jana, nikiwa mwizi ndani ya kundi. Sasa anayetaka hivyo ataanzaje kusema?

Mlango hauzibi vizuri. Nasikia sahani zinapangwa. Nasikia mnong'ono wa mke wangu, maneno hayashiki yote, lakini "kona" nimelisikia. Kisha tena, taratibu: wewe ulikuwa pale, kaka, nisimulie alivyowakamata, mimi sikuona.





Rula kasema: mwite mwenyewe akusimulie.

Anajaribu kuniita. Hakitoki kitu, ni upepo tu, kisha kikohozi. Sasa anacheka kwa ile pumzi isiyo na sauti. Nasikia funguo za Rula zinasogea mezani, zile alizozifunga pamoja na —

Priii!

Ndani ya nyumba! Kaka yake kasema kitu haraka, kiti kimekwaruza. Mke wangu anadhani anatania tu, masikini, anamwita mumewe.

Nimeshasimama, kalamu ingali mkononi: nimepulizwa, hakuna kubishana. Anapuliza tena.