Dada Ameandikwa, Mimi Nimefutwa

Jumamosi, jioni. Mvua ya alasiri imepita bila mawe, na majani ya chai nyuma ya nyumba yanametameta kama yaliyopakwa mafuta. Viatu vyangu bado vina matope ya Kapsoit. Nina furaha, na nina aibu pia, na sijui nianze na ipi.

Nianze na furaha. Dada yangu Cherotich amepata kazi.

Ngoja niandike tena, nilione neno lenyewe likikaa kwenye mstari: Cherotich amepata kazi ya kushona.

Kwa mnaosoma hapa kwa mara ya kwanza, Cherotich ndiye dada yangu mkubwa, na ni kiziwi tangu utotoni. Alisoma katika shule ya viziwi, kisha akasomea ushonaji kwenye chuo cha ufundi na kumaliza vizuri. Nyumbani tunaongea naye kwa ishara. Nyingine ni za shuleni kwake, nyingine tulizizua wenyewe jikoni, kama ile ya mursik, maziwa yetu ya mgando, ambayo siwezi kuieleza kwa maandishi ila ina kutikisa kibuyu na kukunja pua. Kila mtu nyumbani ana jina lake la ishara. Mama ni vidole vinavyochuma jani. Mimi ni vidole vinavyofunguka na kujifunga mbele ya midomo.

Yaani Mdomo.

Nilipewa jina hilo nikiwa mdogo kwa sababu sikunyamaza, nami nikalipenda. Kila alikokwenda Cherotich nilikwenda pia: kliniki, dukani, kanisani. Mama husema, "Chebet, wewe ndiye mdomo wa dada yako," na mimi hujiona mtu wa maana sana.

Tangu amalize chuo, amekuwa akichuma chai na Mama katika shamba letu dogo huku akitafuta kazi. Tulianzia Roret. Mwenye duka la ushonaji alizikagua sketi alizobeba, akazisifu, akamgeukia Cherotich na kumwambia kwa sauti ya juu, kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde, "Tutakupigia simu!"

Nilitafsiri. Cherotich alicheka njia nzima.

Mama hakucheka. Aliibeba simu yake kwenye mfuko wa aproni hadi shambani, akawa anaitoa na kuifuta manyunyu. Kila jioni aliniuliza, "Chebet, hebu angalia, wamepika?" Hivyo ndivyo Mama anavyotamka. Kwetu Wakipsigis wengi, g na k ni ndugu wanaovaliana nguo. Nikaangalia. Hawakuwa wamepiga.

Halafu tukaenda Sigowet. Huko mama mmoja mwenye duka la nguo aliitazama mikono ya Cherotich, wala si sketi, akaniambia mimi, "Ana mikono safi. Aje kwangu nyumbani, anioshee vyombo na kunipikia. Kushona kunataka mtu wa kusikia."

Nilitafsiri yote, hata sentensi ya mwisho. Sijui kama nilipaswa. Cherotich alishukuru kwa heshima, na tulipotoka akatembea mbele yangu hadi nyumbani. Dada yangu asipotaka kuongea, hutembea mbele, usiione mikono yake.

Tangu siku hiyo nimelichukia neno kupika.

Sasa leo. Kapsoit kuna mama anayeitwa Mama Kibet, anashona sare za shule katika duka la mbao lililoinuliwa kidogo juu ya ardhi. Mama yetu alimsikia kanisani akilalamika kwamba shule zinakaribia kufunguliwa na kazi imemzidi. Mama akaniambia, "Mwende wote wawili. Usimwache peke yake hata kidogo."

Mama Kibet ni mnene, mcheshi, na anaongea bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. Nimeyanyoosha maneno yake hapa kwa tahajia ya shule, isipokuwa moja, ambalo mtaliona.

"Karibuni. Huyu ndiye yule binti? Aki ni mrembo. Nyaboke, si ni mrembo?"

Nyaboke ndiye fundi wake, ana mdomo uliojaa pini. Akaitikia kwa pua.

Mama Kibet akazitazama sketi. Akavuta mshono kwa vidole, akaugeuza ndani nje, akavuta tena kwa nguvu kama mtu anayetaka ugomvi. Mshono ukakaa.

"Mshono ni mzuri," akasema. "Lakini mimi niko na swali. Akinipa mgongo nitamwitaje? Nimrushie kiatu?"

Nilitafsiri, hata kiatu. Cherotich akatabasamu, akaniambia nimwambie Mama Kibet akanyage sakafu. Kisha akageukia ukuta. Mama Kibet akainuka na kukanyaga mbao, ndu! Cherotich akageuka. Akampa tena mgongo. Ndu! Akageuka tena. Mama Kibet akaanza kufurahia kama mtoto aliyepewa ngoma.

"Mama Kibet, utabomoa duka," Nyaboke akasema katikati ya pini.

Moyo wangu ulikuwa umeanza kutulia. Nilishaona kabisa Cherotich ameketi kwenye kile kiti cha dirishani. Ndipo Mama Kibet akarudi kwenye cherehani yake, akashika kitambaa na kuuliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo tu:

"Na kupika, anajua?"

Sikutafsiri.

Hii ndiyo sehemu ya aibu. Niliona Sigowet yote imerudi. Nilihisi masikio yamepata moto, nikasimama, mimi niliyefundishwa kusubiri wakubwa wamalize, nikasema, "Mama, samahani, dada yangu hakuja hapa kupika. Amesomea kushona. Kama unatafuta mpishi, tuambie tu twende zetu nyumbani."

Cherehani ikanyamaza. Mama Kibet akainua macho, akanitazama, akamtazama Nyaboke.

"Mpishi?" akasema polepole. "Mpishi wa nini?"

"Si umeuliza kama anajua kupika?"

"Ndio. Kupika. Marinda." Na sasa nikaona kidevu chake, ambacho nadhani kilikuwa kimeinuliwa muda huo wote, kikielekea kwenye kona iliyokuwa nyuma yangu.

Niligeuka.

Kwenye kona palikuwa na meza iliyotandikwa blanketi, na rundo la sketi za marinda lililofika kiunoni. Cherotich alikuwa ameshafika. Alikuwa amelowesha kitambaa, amekilaza juu ya sketi, amepanga marinda kwa ncha za vidole, na sasa alikuwa anashusha pasi ya makaa juu yake taratibu. Mvuke ukapanda. Alikuwa hana habari kwamba nyuma yake mdogo wake yuko vitani.

Kupiga. Kupiga pasi.

Mimi! Mimi ninayeishi na Mama asemaye "wamepika" kila jioni, na sijawahi hata siku moja kutafuta sufuria ya simu. Kidato cha kwanza mwenzetu aliandika katika insha kwamba walipika mpira mpaka jioni, na mwalimu akamuuliza kama uliiva. Tulicheka tukalia. Nikajifunza kutenganisha g na k, b na p, vizuri kuliko wote darasani. Leo nikaona jinsi nilivyojifunza vizuri mno.

Nyaboke alikuwa wa kwanza. Alizitema pini zote mkononi ndipo akacheka, la sivyo angezimeza. Mama Kibet akafuata, akicheka hadi akashika meza.

"Wewe mtoto! Kwani kwenu mnapika marinda? Mnayala na mursik ama na mboga?"

"Na mboga ndio yanashuka vizuri," Nyaboke akasema.

"Nisamehe, Mama," nikasema. Nilitamani mbao zifunguke niingie chini.

"Hakuna makosa. Mimi nikiwa na shida nataka mtu wa kunipigania hivyo." Kisha akaacha kucheka, akaenda kwenye kona. Cherotich aliinua pasi, akatoa kitambaa. Marinda yalikuwa yamelala yote upande mmoja. Mama Kibet akainyanyua sketi kwa kiuno, akaitikisa. Yakafunguka, yakarudi kila moja mahali pake.

Akamgeukia dada yangu, si mimi. Akamgusa bega. Akainua kidevu kuelekea kiti cha dirishani.

"Jumatatu," akasema, kwa sauti ya kawaida.

Cherotich akatikisa kichwa kukubali. Sikuwa nimeinua hata kidole.

Tukirudi, tulisimama kujikinga na manyunyu chini ya bati la kituo cha kupimia majani. Hapo ndipo nilipomweleza yote, kwa sababu alikuwa bado hajui kwa nini walicheka. Nilieleza kupika, kupiga, na hotuba yangu. Alicheka hadi akakaa juu ya kikapu cha mtu. Halafu akaniambia kitu ambacho nimekuwa nikikifikiria tangu saa hizo. Akasema kwamba midomoni, kupika na kupiga ni kitu kimoja. Hawezi kuyatofautisha hata akikodoa macho. Kwa hiyo hakuangalia mdomo wa Mama Kibet. Aliangalia kidevu.

Ameshampa jina. Mama Kibet sasa ni Kidevu, kwa ishara ya kukiinua hivi, kwa madaha.

Kisha akaniambia, "Jumatatu nitakwenda peke yangu."

"Na wakisema kitu?"

"Watakanyaga mbao."

"Na kama ni kitu kirefu?"

Akanifunga skafu vizuri shingoni, maana ilikuwa imelegea, kisha akaongea polepole, mikono yake karibu na uso wangu ili nisikose hata moja. "Wewe una shule. Mimi nina kazi. Kazi yako ya mdomo nimeifuta leo."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Siku aliyoandikwa yeye, mimi nimefutwa.

"Na jina langu?" nikauliza.

"Jina baki nalo," akasema. "Baada ya hotuba ya leo, nani mwingine atalistahili?"

Akanishika mkono tukatembea. Akitembea amekushika mkono hawezi kuongea, na hakuuachilia mpaka kwenye lango letu.

Nimejiuliza jioni yote: ni mara ngapi nimejibu kabla yeye hajamaliza kutazama? Sitaki kujionea huruma, kwa sababu nilifanya kwa mapenzi, na yeye anajua. Ila Jumatatu shule zikishafunguliwa, mimi nikiwa darasani na yeye kwenye dirisha la Kapsoit, nataka niwe nimeketi tu. Nataka nijifunze kuketi nisiongee, huku mtu ninayempenda akifanya jambo lake kwa njia yake. Nadhani litakuwa somo gumu kuliko g na k.

Mama tulimkuta jikoni. Cherotich alimweleza mwenyewe. Mimi niliketi kwenye kigoda, nikakalia mikono yangu. Mama alifuatilia ishara moja baada ya nyingine, akamwomba arudie ile ya Jumatatu, naye akairudia. Alitoa simu kwenye mfuko wa aproni, ile ile iliyokwenda shambani naye siku zote zile ikingojea watu wa Roret, akaifuta kwa pindo la nguo ingawa haikuwa na tone la maji.

"Chebet," akasema. "Kuja unipikie shangazi yako simu, tumwambie."

Nikaichukua. Nikaipika mpaka ikaiva.