Fizikia kwa Ajili ya Teofili

Jumamosi, 5 Septemba 1953
Mwalimu Filbert ameniazima kitabu cha fizikia. Cha Kiingereza! Mimi niliishia darasa la sita kwa masista, tangu hapo ni cherehani tu. Nikamwuliza nianzie wapi. Mwanzo, akasema: kupima urefu, kupima uzito. Nikikaza, baada ya miezi sita nitafika kwenye mvuke.

Miezi sita! Bwana Shauri, hakimu wa boma, anasikiliza kesi ya boila tarehe 21.

Mdogo wangu Teofili alikuwa mchochea moto kwenye kiwanda cha mbao kule Mbwemkuru. Boila, lile pipa la chuma la kuchemshia maji ya mvuke unaoendesha msumeno, ikapasuka. Shaibu, mkata mbao, akafa papo hapo. Teofili kaungua mikono yote miwili. Meneja anadai alijaza kuni kupita kiasi. Teofili anasema hakukosea lolote. Nataka nielewe mwenyewe, nisimame nimtetee.

Jumatatu, 7 Septemba
Nimeruka kurasa hadi kwenye mvuke. Sijaelewa hata mstari. Mvuke unataka nijue presha, presha inataka nijue nguvu, nguvu inataka hesabu za herufi ambazo sikufundishwa. Kila nikianza narudishwa nyuma. Nimelia juu ya cherehani.

Alhamisi, 10 Septemba
Nimekwenda kumpa pole Zaina, mjane wa Shaibu. Yuko eda. Nilidhani atanifukuza. Kanikaribisha uji.

Kitabuni — hakuna nililopata.

Jumapili, 13 Septemba
Baada ya misa Mwalimu kanichorea chini kwa kijiti. Juu ya boila kuna tundu lenye kifuniko. Mvuke ukizidi unakiinua, unatoka. Kifuniko kinagandamizwa na fimbo ya chuma, na kwenye fimbo kunaning'inia chuma kizito. Ukikisogeza kuelekea nchani, mvuke unazuiwa zaidi.

Basi pa kuanzia ni hapo! Si ukurasa wa kwanza, si mvuke. Fimbo.

Jumatatu, 14 Septemba
Mchi juu ya jiwe, makopo ya mchanga huku na huku. Kopo moja, likiwa mbali, limeinua makopo mawili yaliyo karibu. Nimerudia mara tano. Mimi, Goreti!

Jumatano, 16 Septemba
Askari wa boma kaniruhusu kuiona fimbo yenyewe, iliyowekwa kule kwa ajili ya kesi. Alama nyekundu, mahali halali pa kile chuma, iko katikati. Chuma kimefungwa kwa waya nchani kabisa! Nimepiga hesabu: mvuke ulizuiwa karibu mara mbili. Kumbe si kuni. Ni meneja, mbao zake zilichelewa — nani mwingine? Nimejiandikisha kwa karani kutoa ushahidi.

Ijumaa, 18 Septemba
Hospitali ya misheni. Nimemweleza Teofili yote, nacheka kwa furaha. Halafu:

"Dada, ule waya niliufunga mimi."

Msumeno ulikuwa ukisimama kila mara, meneja anafoka. Juu kule kifuniko kinapuliza mvuke, Teofili akaona unapotea bure. Hakuna aliyewahi kumwambia kazi ya kile kifuniko. Hakuna!

"Nani mwingine anajua?"

"Shaibu. Ndiye aliyenishikia ngazi."

Jumamosi, 19 Septemba
Sijafungua kitabu. Bora nisingekifungua kabisa.

Jumatatu, 21 Septemba
Boma, Nachingwea. Naandika kwenye benchi la nje. Teofili yuko ndani, mikono imefungwa bandeji, kaapa kwamba hakugusa kitu. Mwalimu anasema mambo ya kuni hayana shahidi, huenda wakamwachia. Ila wataniuliza kuhusu waya. Nikitaka kusema hakufundishwa kazi, lazima kwanza niseme alifanya nini. Ni jela hiyo. Nikinyamaza, meneja atamweka mwingine pale pale juu ya moto, asiyejua kitu.

Zaina kaletwa na shemeji zake, maana ameitwa. Kaniona, kaja kukaa ubavuni pangu. Ananiambia mtu wa nyumba yetu asiwe na wasiwasi: yeye atamwambia Bwana Shauri kwamba Teofili na marehemu walikula sahani moja, hawezi kuwa na kosa.

"Mimi sina ujuzi, dada. Wewe uliyesoma utanikamilishia."

Karani anaita jina langu. Mara ya pili hii. Zaina kanishika kiwiko, ananisaidia kuinuka —