Maxwel Khaemba, Aliyerudi Jangwani Kumaliza Mbio

Baba Namalwa, mwaka umekatika tangu utuage hapa nyumbani Kiamunyi, na bado pikipiki yenye mlio mkubwa ikipita barabarani, mkeo Joyline huacha anachofanya na kwenda dirishani.

Siku za kazi ulikuwa fundi wa kuchomelea. Mageti mengi ya mtaa huu yalitoka mikononi mwako, na la mjane likilegea hukungoja kuitwa. Jumamosi ulikuwa mtu mwingine. Ulipakia kwadi yako, ile pikipiki ya magurudumu manne uliyoiunda kutokana na mbili zilizoharibika, ukaenda kufanya mazoezi kwenye machimbo ya Kariandusi. Ulirudi mweupe kwa vumbi la machimbo, kama mtu aliyetumbukia kwenye gunia la unga.

"Usiniingizie hilo vumbi kwa nyumba!" Joyline alikuambia kila mara. Nawe ulikaa kwa ngazi, ukanywa chai yako huko huko nje, ukitabasamu.

Mbio za jangwani kule Chalbi zilikushinda miaka mingi. Mara injini, mara mchanga, mara jua lenyewe. Safari yako ya mwisho huko, wewe mzee kuliko washindani wote, ulikuwa wa nne na ulikuwa umebakisha kipande kidogo tu. Hapo ndipo ulipomwona Kipkirui, kijana wa Njoro aliyekuwa kwenye mbio hizo hizo, amelala nyuma ya tuta la mchanga, paja limevunjika. Wengine walikuwa wamempita bila kumwona.

Uling'oa ufito wa bendera iliyoonyesha njia, ukaufunga kwenye mguu wake kwa mkanda wako, ukampakia. Ulimpeleka polepole hadi kwa madaktari, njia nzima ukimuuliza majina ya ng'ombe wa baba yake ili asilale. Wewe hukutuambia. Ni Kipkirui mwenyewe aliyetusimulia.

Kisha ukafanya jambo ambalo marafiki zako bado wanalicheka na kulisifu: ulirudi hadi pale pale ulipoiacha njia, ukaendelea na mbio kutoka hapo. Ulipofika mwisho, jua lilikuwa linazama na vijana wanakunja mabango.

"Mzee, resi imeisha," mmoja alikuambia.

"Yangu bado, boss. Niachie nipite."

Namalwa, kifungua mimba wako, alikuwa pale. Anasema waliyaweka mabango chini, wakasimama huku na huku, wakakupigia makofi hadi ukavuka. Ulikuwa wa mwisho kabisa, na ulirudi nyumbani ukiimba.

Halafu saratani ikaja. Ilikumaliza mwili, si ucheshi. Asubuhi moja Joyline alikuwa akikuosha miguu, akakuuliza, "Max, unaogopa?"

Ukamjibu, "Mama Namalwa, mimi hata kwa mbio sikuwahi kukosa kuogopa. Unaogopa tu, huku unaenda."

Maneno hayo yametubeba mwaka huu wote. Mwanao Jeff aliyashika alipoenda kufanya mtihani wake. Joyline aliyashika siku ya kwanza alipofungua karakana yako bila wewe.

Tunamshukuru Mungu kwa kutupa mtu wa aina yako. Tunawashukuru wauguzi waliokutunza, majirani wa Kiamunyi waliotupikia, na waendeshaji wenzako waliokusindikiza. Kipkirui alikuja mazishini akichechemea, akasaidia kubeba jeneza, na alipoambiwa apokewe akakataa hadi kaburini.

Jumapili hii baada ya ibada, chai itakuwa nyumbani. Yeyote aliyekujua, karibu.

Wanaokukumbuka kwa shukrani ni mkeo Joyline; watoto wako Namalwa, Shantel na Jeff; mkwe wako Omolo; wajukuu, na ukoo mzima wa Khaemba. Pumzika, Max. Maadamu tunapumua, tutakukumbuka.