Figili Tulizokula Matangani

Mjomba,

Shikamoo. Sitasubiri marahaba yako, maana nina hasira na nikisubiri nitapoa.

Ni mimi Agata, mtoto wa dada yako, uliyenishikisha jembe kabla sijajua kusoma. Huku mlimani tu wazima, mvua zimenyesha vizuri, na figili zako zimeharibika. Haya, nimesema.

Unakumbuka ulivyokuwa ukifanya? Uking'oa tuta zima unachagua zilizonyooka, zilizonenepa bila kupasuka, unakata ncha kidogo uone kama ndani pamejaa au pana pamba. Zile bora hukuzipeleka sokoni wala hukutuonjesha. Ulipunguza majani, ukazirudisha ardhini nyuma ya jiko, kumbe zitoe maua na mbegu. Mama alinung'unika kila msimu, "Kaka, sisi tule makombo ya shamba letu wenyewe?" Nawe ulimjibu, "Nzuri hailiwi, nzuri huzaa." Basi. Zaidi ya hapo hukueleza, na mimi sikuuliza.

Siku ya tatu ya matanga yako mboga iliisha. Watu walijaa mpaka njia ya kisimani, wengine wamepanda kutoka Mafiga, kule mjini. Mama Felista, jirani yetu, ndiye aliyesimamia vyungu. Alinifuata ndani nilikolala mkekani, akaniuliza apike nini. Nikasema nyuma ya jiko kuna figili. Mimi, Mjomba. Kwa kinywa changu. Wakazing'oa zote, wakazipika na majani ya maboga, na waombolezaji wakasifu, "Marehemu alijua kulima." Nami nilikula. Zilikuwa tamu.

Msimu uliofuata sikuwa na mbegu, nikaomba kwenye shamba la kijiji. Huko mwenyekiti alishaamua kwamba figili zinazotangulia kutoa maua ndizo ziachwe za mbegu. "Hizi ndizo zenye juhudi," alitutangazia, nasi tukapiga makofi. Juhudi gani, Mjomba? Figili inayokimbilia maua itanenepa saa ngapi? Sasa kila msimu kijiji kizima huchanua mapema utadhani kuna harusi, na chini ya udongo mizizi kama kidole changu cha mwisho. Wanawake wanashuka nazo mjini, wanapanda nazo tena bila kuuza. Nilipolisema hilo mkutanoni, mwenyekiti akanijibu kwamba ninarudisha watu nyuma. Bwana shamba akasema tuongeze samadi. Tukaongeza. Yakaongezeka maua.

Na wewe pia nakulaumu. Ungesema neno moja tu, "Agata, zile ni mbegu," ningeruka kutoka pale mkekani hata na machozi yangu. Nakulaumu, halafu naona aibu, halafu nakulaumu tena. Nimechoka.

Mwaka huu nilifanya kama wewe. Katika matuta yote nilipata figili saba tu zilizonenepa bila haraka, nikazirudisha ardhini nyuma ya jiko. Wakaja wageni kutoka wilayani, na mwenyekiti akaziona. "Agata, hizo ndizo za kuwapikia wageni." Nikasema hizo ni za mjomba wangu. "Mjomba wako si alishakufa?" Nikamjibu, "Ndiyo, na za kwake tulizila matangani, ndiyo maana leo unanyemelea hizi saba." Hakupenda. Nilikwenda kuchota maji, na niliporudi nikakuta mashimo mawili.

Zimebaki tano. Zinachanua sasa, wakati za kijiji zimeshakauka, na nyuki wanazo hizo tu. Kila asubuhi nazihesabu kabla sijanawa uso.

Pumzika, Mjomba. Mbegu zikikauka nitazifunga kwenye kile kitambaa chako cha bluu, na kila atakayeniomba nitampa pamoja na maelezo, atake asitake. Sitamwachia mtu fumbo kama ulivyoniachia. Tena nimeshamwapisha Mama Felista: siku yangu ikifika, hata watu wajae vipi, wapikiwe maharage.

Mpwa wako,
Agata