Meza Uliyoiacha kwa Ajili Yetu

Baba Mdogo,

Tangu tukuzike nimeahirisha kukuandikia, kwa sababu niliogopa. Bado naogopa. Ungekuwapo ungenicheka: "Karani anaogopa karatasi! Basi na mimi niogope baiskeli." Niko ofisini Tororo, wenzangu wametoka kwenda kula, nami nimejifungia na taipureta ambayo siitumii. Haya siwezi kuyapiga chapa.

Nianze na habari za nyumbani. Mvua imekuja vizuri Masinya na wimbi shambani limeota. Baiskeli yako anayo Wandera, mwanao mkubwa. Anabeba abiria kati ya forodha yetu na ile ya Kenya kama ulivyokuwa ukifanya, ila hana maneno yako, na wateja wako wanalalamika kwamba safari imekuwa ndefu. Mama Mdogo, mkeo wa pete, bado amevaa kitambaa cheusi. Nafula, dada yangu, mtoto wako na mama, amepanda darasa, lakini tangu ufe anaongea kidogo sana. Kaburi limetitia upande wa juu, tumeongeza udongo. Msalaba hatujaweka. Wazee wa kanisa wamekataa, na unajua sababu.

Mimi nilikuwa mdogo baba alipofariki, lakini paa la nyumba yetu nalikumbuka. Lilivuja juu ya kitanda. Mama alituhamisha pembe hii hadi ile, na sufuria zote zilikuwa sakafuni zikikinga maji. Kwa desturi yetu mwanamume hapandi juu ya paa la mjane isipokuwa yule anayemrithi. Mama aliwaomba watu, nao wakamjibu kwa mzaha: "Shemeji, nikipanda huko nitashuka nikiwa bwana wako, na wa kwangu nyumbani atanichinja." Wakacheka, wakaenda zao. Tukaendelea kulowa.

Wewe ulikuwa mzee wa kanisa, msomaji wa masomo kila Jumapili, mwenye mke wa pete. Ulingoja kila mtu mwingine apande. Hakupanda mtu. Ndipo ukaja Jumamosi moja na mzigo wa nyasi kichwani, ukaegemeza ngazi. Mama alisimama chini akilia, "Shuka, Yosia. Watakutenga." Ulimjibu bila kugeuka: "Nirushie kamba."

Haikuwa paa peke yake. Ulimrithi kweli, ukatulea kweli, na Nafula akazaliwa. Kasisi alipokuita hukuficha kitu. Sheria ya kanisa ilikuwa wazi: mume wa wake wawili haji Mezani pa Bwana, wala yule mke wa pili. Ulivua ile kazi ya kusoma kama mtu anavyovua koti. Tangu siku ile, kila Meza ilipoandaliwa, wewe na mama mlitoka nje, mkakaa kwenye benchi lililo chini ya dirisha. Nilipopata kipaimara nilipiga magoti ndani, nikainua macho, nikaona kisogo chako dirishani. Uliimba kwa sauti kuliko sisi tuliokuwa ndani. Mama alikuwa akikuchokoza: "Punguza, Yosia, watadhani wao ndio wametengwa."

Niliporudi kutoka shule ya bweni nilijiona nimepata dawa yako. Nilikuletea habari kwamba Musa mwenyewe aliamuru ndugu amchukue mjane wa nduguye. Tena nikakuambia kwamba mtume anasema hatuko chini ya sheria bali chini ya neema. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Ulikuwa umepiga magoti ukiziba pancha, ukanisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema, "Mwanangu, usinitafutie mlango wa uani. Sheria ikisema nimekosa, nimekosa. Neema si mtu kujidai hakukosa. Hebu shika gurudumu hilo." Nikashika gurudumu. Sikukuelewa. Sasa nakuelewa kidogo, na inaniogopesha.

Na lazima niseme haki ya Mama Mdogo, maana hata wewe hukupenda tumnyamazie. Sheria ile iliwekwa kwa ajili ya wanawake kama yeye. Ndiyo ilikuwa ukuta wake pekee. Aliolewa akiahidiwa kuwa mmoja, na siku ulipopanda paa letu alikuona kwa mbali akiwa shambani kwake. Aliniambia mwaka jana, akichambua maharage, bila hasira: "Wewe msomi, niambie. Wema wa Yosia ule, mbona kila siku umetoka nyumbani kwangu?" Nilichambua maharage.

Kisha ukaugua. Kasisi alikuja akakaa kwenye kigoda karibu nawe, na magotini ameweka mkate na divai vimefungwa kwa kitambaa cheupe. Nilikuwa mlangoni. Alikupenda, hilo silikatai. Alikuambia, "Yosia, sema neno tu. Sema mbele ya hawa kwamba umemwacha yule mjane, nami nakupa sasa hivi. Nimekuja nayo." Uliangalia kile kitambaa muda mrefu, kama mtu mwenye kiu. Mama alikuwa nyuma ya ukuta, anasikia kila kitu. Ukasema, "Kasisi, nikimfukuza yeye ili niingie, nitamwambia nini kaka yangu nikimkuta huko ndani?"

Kasisi alilia. Aliondoka na kitambaa chake hakijafunguliwa. Ulipokufa kengele haikupigwa. Kasisi alikuja mazishini bila kanzu yake, amevaa koti la kawaida, akasimama nyuma pamoja na wageni. Tulikuteremsha bila sala. Nilikuwa na maneno ya kitabu cha sala kichwani, yote, nayajua kwa moyo, na mdomo haukufunguka.

Sasa niseme lililonileta kwako.

Wazee walikaa wakaona kwamba kifo kimekata kile kifungo. Kwa hiyo mama anaweza kurudi Mezani, akitubu mbele ya watu. Ungemwona mama alivyofurahi! Alifua gomesi yake nyeupe, vazi lake la kanisani, mara mbili. Alisema, "Nina njaa nayo, mwanangu, tangu wewe hujaota ndevu." Kuuliza swali la toba ni kazi ya karani wa kanisa, na karani wa kanisa siku hizi ni mimi. Walinichagua kwa sababu ya hati yangu. Tena hata hapa katika ofisi ya shule za kanisa niliingia kwa neno la Kasisi.

Jumapili iliyopita, ibada ikikaribia kuanza, Mzee Barasa, mkubwa wa wazee, alinipa swali lenyewe. Ndipo nilipolisoma. Liliuliza kama mama anakiri kwamba maisha yake na mtu yule yalikuwa dhambi, na tunda lake ni tunda la dhambi, naye anayakana yote. Nikasema, "Mzee, huyu ni mama yangu." Akanipiga bega: "Ndiyo maana unasoma wewe, watu wasiseme tunapendelea. Soma, msomi. Au huko shule mlifundishwa kukohoa tu?"

Mama alisimama mbele. Nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye tunda, nikamwona Nafula kwenye mkeka wa wasichana, pale mbele kabisa, ananitazama. Sauti ikakatika. Sikuiacha kwa ushujaa, Baba Mdogo. Ilikatika kama kamba mbovu.

Mama akasema taratibu, "Acha hapo, mwanangu." Kisha akamgeukia Kasisi. "Dhambi ninazo. Nimesengenya. Nimemchukia yule mama pale kwa sababu alikuwa na pete na mimi sina, na yeye hakunikosea kitu. Hizo nazitubu hapa hapa, na mnisamehe. Lakini huyo mnayemwita mtu yule ana jina. Ni Yosia." Akalitaja kwa sauti, ndani ya kanisa ambalo halijalisikia tangu uvue kazi ya kusoma. Mzee Barasa akasema, "Mama, jibu ndiyo au hapana." Nilimwona akiitazama Meza, mkate uko pale, kitambaa kimekwisha kufunuliwa. Akasema, "Basi ni hapana." Akatoka nje. Nafula akainuka akamfuata.

Ibada iliendelea. Mama Mdogo alikwenda akapokea kama siku zote, na simlaumu. Zamu ya safu yangu ilipofika, sikwenda. Tafadhali usinisifu. Niliogopa kwenda na niliogopa kutokwenda, nikabaki nimesimama na karatasi mkononi mpaka watu wakarudi kuketi. Tulipotoka, Mama Mdogo alipita mbele ya mama kwenye benchi, akasimama, akasema tu, "Umelitaja jina lake." Akaenda. Sijui kama ilikuwa shukrani au lawama. Mama pia hajui. Amekuwa akiliuliza neno hilo wiki nzima.

Jumatatu niliitwa na Kasisi, akanipa uamuzi wa wazee. Mama apewe nafasi moja zaidi Jumapili hii, nami nisome swali mpaka mwisho. Nikishindwa, nitavuliwa ukarani wa kanisa na kutengwa pamoja naye, na hapa ofisini Kasisi hataweza kunisemea tena. Nilidhani atakuwa mkali. Hakuwa mkali. Alinisindikiza hadi kwenye mwembe wa barabarani, akaniambia, "Nikiivunja sheria kwa mama yako, kesho atakuja mwanamume anayetaka msichana wa pili, ataniambia, mbona kwa Yosia? Na mkewe nimwambie nini?" Amesema kweli. Nimeigeuza kila upande na ni kweli. Na mama hakusema uongo. Sikufundishwa mahali popote jinsi ya kubeba kweli mbili zisizotaka kukaa pamoja.

Lakini si Kasisi anayeniogopesha, ni mama. Jana alikuja Tororo kwa miguu sehemu ya njia, akapata lori pale Rubongi, akanikuta hapa nje na mfuko wa mihogo. Alisema, "Soma tu, mwanangu. Safari hii nitasema ndiyo. Nimekwisha kuongea na Yosia kaburini, amekubali. Kazi yako ndiyo chakula cha Nafula." Alikuwa akitabasamu, Baba Mdogo. Yule mwanamke aliyeipa mgongo Meza aliyoililia miaka yote, sasa yuko tayari kuifikia kwa kukukana, na si kwa ajili ya roho yake. Ni kwa ajili ya mshahara wangu. Atapiga magoti pale, atapokea mkate, na utamkaa kooni mpaka afe. Na mimi ndiye nitakayekuwa nimemlisha.

Nilimwambia nitafikiri. Alinipapasa shavu kama mtoto, akapanda lori.

Nimefikiri. Sijapata hoja mpya. Sijui kama mlikuwa sawa, wewe na yeye. Huenda kweli mlikosa. Huenda sheria ile ni ya haki na Mama Mdogo ndiye mwenye kidonda. Yote hayo namwachia Mungu, naye anajua zaidi ya wazee. Ninachojua ni kwamba hakuna neema inayoweza kumfikia mama kupitia mdomo wangu kwa swali lile. Mengine siyajui.

Kwa hiyo kesho Jumamosi nitakwenda Masinya, nitasimama mbele ya Kasisi na Mzee Barasa, nitawaambia sitalisoma. Sitawaita Mafarisayo. Sitawaletea Musa wala mtume. Nitasema sitalisoma, na kwamba mama asiitwe, maana aliyekataa safari hii ni mimi. Mzee Barasa atanicheka. Nikivuliwa kazi, Wandera amesema kuna baiskeli nyingine ya kukodi huko mpakani, nami nitajifunza hayo maneno ya kufupisha safari.

Lala, Baba Mdogo. Nakuahidi Nafula hatasikia swali lile likisomwa na sauti ya nyumbani kwake. Hiyo ndiyo ahadi ninayoiweza, nyingine nisingethubutu kuiandika. Usinisubiri niwe jasiri kwanza, nitachelewa. Nitakwenda na woga wangu hivi hivi, na wakiniuliza mbona natetemeka, nitawaambia ni kweli natetemeka, na jibu ni lile lile.

Mwanao,
karani