Sanduku Liko Masanze

Mikumi, Jumamosi

Dada Yusta,

Shikamoo. Naandika haraka, basi linapakia. Mama hajambo, na Lucas amepona surua.

Asubuhi alikuja kibandani kwangu binti mtafiti, anauliza sisi tusio na benki tunaweka wapi akiba. Alisalimia kwa adabu, akanunua chapati, nikaona aibu kumjibu kwa mkato. Nikamweleza kikundi chetu cha akina mama, tunavyochanga na kukopeshana. Akauliza kama hatuogopi wezi. Hapo nikajisifu. Nikasema sanduku hatuliweki Mikumi penye wapita njia, liko Masanze kwa dada yangu mjane, nyumba ya mwisho ukipita kanisa. Na sote tuliapa kutolitaja.

Binti alisema majina hayahitaji, akaandika neno "kikundi" tu, akaaga. Yeye simwogopi.

Nyuma yake alikaa mwanamume anakunywa chai, sijawahi kumwona. Aliacha kikombe nusu, akalipa bila kungoja chenji, akaenda kumuuliza utingo basi la Masanze linaondoka saa ngapi.

Labda ana safari zake. Lakini tusibahatishe, dada. Ukipata barua hii, chukua watoto mkalale kwa mchungaji. Sanduku liache.

Nampa Bonifas, yule utingo, akukabidhi mkononi. Leo hakuna basi jingine. Yule mtu ameshapanda, amekaa kiti cha mbele.

Mdogo wako,
Selestina